Wanafunzi Kumi wa Elimu ya Uchumi

Niliajiriwa kufundisha somo ambalo hakuna aliyeliomba. Mwalimu mkuu wa shule ile ya sekondari, upande wa Sirisia, alikuwa amepokea barua ikisema kwamba shule zikitaka zinaweza sasa kufundisha elimu ya uchumi, naye hakuwa mtu wa kuachia shule nyingine kitu cha kutakwa. Akauliza kama kuna kijana aliyewahi kusoma kitabu cha uchumi. Mimi nilikuwa nimesoma kimoja. Nilikisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikukielewa.

"Ukipata wanafunzi kumi kufikia mwisho wa mwezi," aliniambia, "somo litaendelea na wewe utaendelea. Wasipofika kumi, utarudi kwenu."

Kwetu ni Kitale, mtaa wa Kibomet. Kurudi kwetu kulikuwa na maana moja tu: ghala la mahindi, ambako mjomba wangu alikuwa karani na alikuwa bado ananiwekea nafasi ya kupima magunia. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya mwaka mzima. Vumbi la mahindi lina uzuri wake asubuhi, jua linapopenya kwenye matundu ya mabati na kulifanya lielee kama dhahabu iliyosagwa. Kufikia saa nne linakuwa vumbi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilipenda kusimama mbele ya watu nikasema jambo nao wakaliandika, na sikutaka kupima gunia jingine maishani mwangu.

Mwalimu mkuu, mzee wa kanisa na mwenyeji wa hapo hapo, aliwakusanya wanafunzi wa madarasa ya juu katika ukumbi wa kulia chakula ili niwajulishe somo. Nje mvua ilikuwa ikiteremka kutoka Mlima Elgon, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa na mzigo. Niliwaambia kwamba uchumi ni elimu ya jinsi watu wanavyochagua, kwa kuwa haja zao ni nyingi na vitu ni vichache. Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi wiki nzima. Ilipotoka, ilianguka mezani katikati ya sahani na hakuna aliyeiokota.

Kijana mmoja mrefu, mwana wa mkulima wa Naitiri, akasimama. Wanafunzi wa miaka ile walikuwa watu wazima. Huyu alikuwa karibu rika langu, na ndevu zake zilikuwa zimezitangulia zangu.

"Mwalimu, mtu akimaliza hii kusoma, anatajirika?"

"Si lazima."

"Wewe umeimaliza?"

"Nimeisoma, ndiyo."

"Na ile baiskeli haina breki, si ni yako?"

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu. Mwalimu mkuu hakucheka, lakini pia hakuwakataza. Siku hiyo niliandikisha wanafunzi watano, na wawili kati yao walikuwa wamekosea mstari, walidhani ni wa useremala.

Nikaona kosa ni la kitabu. Bei haikai kitabuni, bei inakaa sokoni. Siku ya soko niliomba ruhusa, nikawachukua wote waliotaka kuja, wakafika ishirini, kwa maana sokoni kulikuwa na raha kuliko darasani. Kila mmoja nilimpa kitu kimoja cha kufuatilia: huyu kuku, huyu mkungu wa ndizi, huyu chungu, huyu wimbi. Nikawaamuru: "Mtafute muuzaji. Mpatane naye mpaka afike bei yake ya mwisho na akubali. Mwandike bei hiyo, kisha mwondoke. Msinunue kitu chochote."

Hapa lazima niseme kwamba nilikulia Kitale. Pale madukani unaingia, unauliza bei ya kitambaa, unabishana na mwenye duka nusu saa, anakubali, unamwambia utarudi, naye anajua hutarudi, na mnaachana mkiwa marafiki. Nilidhani dunia nzima iko hivyo.

Wanafunzi walifanya kazi nzuri kupita matumaini yangu. Nilisimama kando nikiwatazama wakichuchumaa mbele ya akina mama, wakipima kuku kwa mikono, wakiguna, wakiinuka kama wanaoondoka na kurudishwa. Soko zima lilikuwa linavuma kama mzinga. Moyo wangu ulijaa. Nilijiona nimeileta elimu kubwa ya ulimwengu hadi penye majani ya migomba na matope, na matope yameipokea.

Kesho yake asubuhi tulichora bei zote ubaoni. Kuku wa asubuhi alikuwa ghali kuliko kuku wa jioni. Ndizi zilishuka bei mvua ilipotishia. Walielewa. Waliliona kabla sijalisema. Kengele ilipolia nilikuwa na majina kumi na mawili, likiwemo la yule mrefu wa Naitiri, na nilitoka nje nikitembea kama mtu aliyepewa shamba.

Mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu walikuwa wamekaa akina mama kumi na wanane. Walikuwa na kuku, mikungu ya ndizi, vyungu, nyungo za wimbi, na mbuzi mmoja. Wamekaa kwa mpangilio, miguu wameinyoosha, kama watu waliokuja kupigwa picha.

Bibi mmoja mzee, muuza vyungu, ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Vitu vyako hivi."

Nilimwambia sikununua kitu. Akanitazama kama mtu anayetazama chungu chenye ufa, akitafuta unapoanzia.

"Mtoto wako alitaja bei. Mimi nikakubali. Si ndiyo imeisha? Mnunuzi mwingine alikuja nyuma yake, mtu ametoka mbali, nikamwambia hivi vyungu viko na mwenyewe. Nikamfukuza. Tukakungoja mpaka soko ikabaki na mbwa. Ati sasa hukununua?"

Kitabu changu kilikuwa na sura nzima juu ya jambo hilo, yaani kile mtu anachopoteza anapochagua kingine. Ila kitabuni hakikupiga kelele kama kuku.

Nikamwita yule mrefu wa Naitiri. "Mliwaambia nini sokoni?"

"Tuliwaambia mwalimu yuko nyuma, anakuja."

"Kwa nini?"

"Sasa mtu amekubali bei yako, utamwacha tu hivi hivi, bana? Hiyo ni matusi. Sisi tulijua shule ndiyo inanunua."

"Niliwaambia msinunue kitu."

"Ndiyo, mwalimu. Hatukununua. Wewe ndiye ulinunua."

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni muda wote huo. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, ni vyako au si vyako?" Akina mama kumi na wanane wakanitazama. Mbuzi pia. Nikasema ni vyangu.

Mshahara wangu haukutosha hata mbuzi peke yake. Wakashauriana kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, na bibi akaleta hukumu: wangenitunzia vitu vyangu hadi siku ya soko, kisha nije niviuze mwenyewe, nikiwa nimekaa chini kama wao, nitakachopata niwape. "Na uje na hiyo tai yako," akaongeza. "Watu waone ni mwalimu."

Habari ilitembea haraka kuliko baiskeli yangu. Jumapili, nje ya kanisa, wazazi walikuwa wakisema kwamba shuleni kuna somo la kuhadaa wamama sokoni. Baba wa yule mrefu alikuja kutoka Naitiri Jumatatu asubuhi, amevaa koti licha ya joto, akalifuta jina la mwanawe mwenyewe kwa kalamu yangu.

"Mwalimu, sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini mimi nalipa karo asome. Kudanganya watu angejifunza nyumbani, bure."

Kumi na wawili wakawa sita.

Siku ya soko nilikaa chini kwenye gunia, nikiwa na tai, kati ya bibi wa vyungu na mama wa mbuzi. Mnunuzi wangu wa kwanza alimshika kuku mwekundu, akauliza bei, nikaitaja, akatoa nusu yake, nikasema sawa. Mtu yule alimweka kuku chini taratibu, akamwinua bawa moja, akachungulia, akainua la pili, akaondoka.

Bibi alinipiga kofi gotini.

"Unakubali haraka hivyo? Amejua kuku ni mgonjwa!"

"Si mgonjwa, bibi."

"Najua si mgonjwa! Na yeye angejuaje? Mtu anataka kuvutwa. Kataa kwanza. Sikitika. Mwambie huyu kuku ulimlea na watoto wako."

"Sina watoto."

"Ndiyo maana hujui kuuza."

Kufikia saa sita nilikuwa nimejifunza kusikitika. Wanafunzi walikuja mmoja mmoja, kwanza wakiwa wamesimama mbali, mikono nyuma, kisha karibu. Hakuna aliyecheka. Walinisikiliza nikikataa, wakamsikiliza mnunuzi akipanda, na nikimaliza walinong'onezana na kuandika. Kuku walikwisha. Ndizi zilikwisha. Mbuzi alinunuliwa na fundi cherehani Mwislamu kutoka Bungoma mjini, aliyenibana karibu saa nzima na kunishukuru mwishoni akiwa ameweka mkono moyoni. Nilipomkabidhi bibi fedha za vyungu vyake alizifunga kwenye pindo la kitambaa chake bila kuzitazama, akawaambia wale wengine, kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Huyu amemaliza neno lake."

Wiki hiyo watatu waliandikisha tena majina. Yule mrefu hakuwemo, kwa sababu baba yake alikuwa amemaliza neno lake pia. Lakini alikuja kusimama dirishani wakati wa kipindi, akidai anafagia.

Siku ya mwisho wa mwezi nilipeleka orodha ofisini. Mwalimu mkuu aliisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, ili kuipa orodha nafasi ya kubadilika.

"Tisa," alisema.

"Tisa, mwalimu."

"Na mmoja wa dirishani."

"Huyo hayumo."

"Hayumo." Alivua miwani. Nadhani alinipenda. Nadhani kama ningesema neno moja tu la kuomba, angelitafutia mahali. "Tulisema wangapi, mimi na wewe?"

Nilikuwa nimekaa siku nzima kwenye gunia kwa ajili ya bei ambayo hata sikuitaja mimi. Hii ya mwalimu mkuu niliikubali kwa mdomo wangu.

"Kumi," nikasema.

Alitikisa kichwa, akaikunja orodha vizuri na kunirudishia, kana kwamba ni barua ya kupeleka kwetu.

Lori la Kitale lilikuwa linaondoka Bungoma saa tisa alasiri siku ya Jumatatu. Asubuhi ilikuwa bado yangu, basi nikawafundisha wale tisa somo lililofuata, linalohusu akiba. Waliniuliza maswali mengi, na mengine sikuyajua. Waliandika hata hayo.