Siku Nilipofuta Kompyuta ya Mke Wangu

Nilifuta kompyuta ya mke wangu siku ya Ijumaa, kwa mikono yangu, bila kulazimishwa na mtu, na nilipomaliza nilipiga mluzi.

Alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: nitoe vumbi kwenye feni, maana ilikuwa inanguruma. Jumatatu saa nne asubuhi alitakiwa kutetea tasnifu yake ya uzamili kwa njia ya mtandao, mbele ya jopo la maprofesa walioko mbali. Mara ya kwanza utetezi uliahirishwa kwa sababu mtoto wetu wa mwisho alichagua wiki hiyohiyo kuzaliwa. Safari hii barua ilikuja haina huruma: muda wa usajili unaisha, akikosa anaanza upya. Na atumie kompyuta yenye kamera, simu haikubaliki.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mtu wa Singida niliyeletwa Kigoma na barua ya serikali, na pale mtaani kwetu Buzebazeba nilikuwa nimejijengea jina la kujua kompyuta. Jina lenyewe lilitokana zaidi na kuzima na kuwasha vitu vya watu. Ila nilikuwa na Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure, kwenye flashi, na mtu mwenye Linux kwenye flashi ni kama mlokole mpya, hawezi kukaa na mgonjwa bila kumwombea. Nikaamua kwamba feni inanguruma kwa sababu mfumo uliokuja na kompyuta ni mzito. Nikahamishia mafaili yake yote kwenye flashi nyingine, hapo nipewe haki yangu, kisha nikafuta. Kabla ya kusakinisha, Linux iliniuliza kwa adabu kama ningependa kuijaribu kwanza. Niliona kama nimetukanwa.

Kompyuta iliwaka upesi, feni ikanyamaza, mke wangu akasema ahsante. Halafu akauliza waifai iko wapi.

Haikuwepo. Wala si kwamba ilikataa kuunganishwa. Mfumo mpya haukuwa na habari kwamba ndani ya kompyuta ile kuna kadi ya mtandao. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja ya hizi nyembamba za siku hizi, zisizo na tundu la kuchomeka waya wa intaneti. Ya kwangu ilikuwa imevunjika kioo tangu likizo, ya ofisini kwake ni ile kubwa ya mezani isiyo na kamera, na mwenzake mwenye nzuri alikuwa ameenda nayo semina Kibondo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni suala la dakika kumi.

Jumamosi nilipanda bajaji hadi kwenye intaneti kafe moja kule Mwanga. Nikasoma kwamba kadi ile ni ya aina mpya, na waliotengeneza Linux yangu hawakuwahi kukutana nayo. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeiandikia draiva, yaani ile programu ndogo inayoufundisha mfumo kuongea na kadi. Nikaipakua, nikarudi nyumbani, draiva ikasema haiwezi kuingia bila kifurushi kingine cha programu. Nikarudi Mwanga. Kile kifurushi nacho kikataka wenzake wawili. Mimi nimewahi kupeleka mahari ukweni Simbo, kwa hiyo hali hiyo niliitambua: unafika na kila ulichoambiwa, unaambiwa bado blanketi la bibi, unaleta blanketi, kumbe kuna shangazi hajasalimiwa. Makosa yaliyotokea kwenye skrini niliyanakili kwa kalamu kwenye daftari la maandalio ya somo, nikaenda kuyatafuta kule kafe. Dada wa pale, aliponiona naingia mara ya tatu, alinisogezea kiti.

Nilimpata hata mtu mwenye kadi ileile na shida ileile, ameomba msaada mbele ya dunia nzima. Mwisho wa mazungumzo aliandika kwamba ameshafanikiwa, anashukuru wote. Amefanikiwaje, hakusema. Nilimtukana kwa Kinyaturu, lugha ninayoitunza kwa mambo mazito.

Nyumbani nilikuwa nimejifungia chumbani na mashine, kama daktari wa upasuaji. Mke wangu alisimama mlangoni akafungua mdomo, nami nikainua kiganja kumzuia. Alirudi tena, nikainua tena. Mara ya tatu nilimwambia bila kugeuka kwamba akinikatisha nitaanza upya, naye akaondoka. Baadaye nilimsikia ukumbini akiongea na mama yake kwenye simu. Kiha changu ni cha salamu na cha kununulia ndizi, lakini kompyuta kwa Kiha ni kompyuta, na mume mjinga hahitaji mkalimani.

Jumapili ile kafe ya Mwanga ilikuwa imefungwa, mwenye nayo yuko kwaya, nikateremkia nyingine Ujiji. Mchana draiva ikaingia. Ikasema yenyewe kwamba imeingia vizuri. Nikawasha upya kompyuta nikiwa nimesimama, na hakukuwa na kitu; nilikuwa nimeitengeneza kwa toleo jingine la mfumo, si lile lililomo ndani. Nikakaa chini. Niliogopa kweli. Kwa miaka minne mke wangu alikuwa akiamka alfajiri kuandika kabla watoto hawajaamka, na mimi nilikuwa nimeyafunga yote hayo ndani ya sanduku lisilo na mlango.

Jumatatu saa moja asubuhi nilimwambia nimeshindwa. Alichukua waya wa kuchajia simu, akachomeka upande mmoja kwenye simu yangu na mwingine kwenye kompyuta, akagusagusa kioo cha simu mara mbili tatu. Pembeni ya skrini ikatokea alama ya mtandao.

"Ofisini tunafanya hivi tangu waifai ilipokufa," alisema. "Mara tatu nimekuja kukwambia."

Mtandao ulikuwa unapita kwenye waya bila kuomba ruhusa ya kadi yoyote. Mwalimu mzima wa fizikia, waya ule nilikuwa naujua kwa kuchajia tu. Mara moja nikaona kwamba sasa naweza kuvuta kila kitu kilichopungua, nikanyoosha mkono kwenye kibodi. Akaniambia nisiguse, nami sikugusa. Kadi yenyewe niliiamsha kesho yake kwa dakika nane, nikiwa peke yangu sebuleni, na hakuna aliyepiga makofi.

Ikabaki shida moja. Chumbani kwetu simu inashika mtandao vizuri ikiwa dirishani tu, na waya ulikuwa mfupi, na meza haikuweza kusogea kwa sababu ukuta wa nyuma yake ndio pekee usio na michoro ya watoto. Basi nikaingia chini ya meza, nikanyoosha mkono mmoja juu kuelekea dirishani, nimeshika simu. Tulipojaribu kubadilisha mkono, picha iliganda. Ikawa mkono huohuo, kwa saa moja na nusu.

Ndipo kwa mara ya kwanza niliisikia tasnifu ya mke wangu. Nilichokuwa najua ni kwamba inahusu dagaa. Kumbe inawahusu akina mama waanikaji wa ufukweni Katonga, ambao mradi mmoja uliwajengea vichanja vya kisasa ili waache kuanika mchangani, na baada ya mwaka mmoja vichanja vikawa vya kuanikia nguo. Mzee mmoja wa jopo alimuuliza, kwa sauti ya kutaka kumyumbisha, kama wataalamu wale walikosea hesabu.

"Hesabu zilikuwa sawa," mke wangu alijibu. "Waliuliza wanawake wanakosea wapi. Hawakuuliza wanajua nini."

Mkono ulikuwa umekufa ganzi, masikio yalikuwa mazima. Niliona aibu, na nikaijua pia sababu ya kuifuta kompyuta ile, ambayo haihusiani na feni. Nilikuwa naogopa siku atakayokuwa na shahada mbili na mimi moja, nikataka abaki na kitu kimoja cha kuniitia.

Walimtoa nje ya mkutano ili washauriane, wakamrudisha. Mwenyekiti alisema kabla ya kusoma matokeo angependa kuuliza jambo. Wiki nzima watahiniwa wamekuwa wakikatika, hata walioko mijini, na huyu wa Kigoma hajakatika hata mara moja. Anatumia mtandao gani?

"Natumia mume wangu," mke wangu alisema. "Yuko chini ya meza."

Maprofesa walicheka, wakaomba nitoke wanione. Sikutoka. Ningeushusha mkono ule tungepotea, na walikuwa bado hawajasoma matokeo yake.