Sahani Safi za Bi Morini

Sauti ya kijiko kinachokwangua sahani tupu mpaka leo huniinua mezani. Watu wakiniuliza kuna nini, nasema nakwenda kunawa mikono. Nyinyi nitawaambia ukweli. Sauti ile hunirudisha kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya mtaa wa Observatory, mlimani, Johannesburg, nikiwa na miaka kumi, tumbo limejaa hadi kooni, na mama mmoja wa Kiingereza ameniinamia akinisaidia kuzoa punje za mwisho za wali wa mama yangu.

Mama yangu ni mtu wa Tanga. Baba alizaliwa Soweto, akakimbilia uhamishoni kijana mbichi, akaishi Morogoro, akamwoa mama huko. Nchi yake ilipofunguka akarudi naye, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa. Nyumba waliyoipata ilikuwa kuukuu na kubwa kuliko mshahara wa baba, kwa hiyo chumba kimoja cha nyuma, chenye mlango wake wa kutokea bustanini, tulikipangisha kwa wageni wa kutoka Ulaya. Wengi walilala siku chache tu kabla ya kwenda mbugani kuona simba. Asubuhi mama aliwakaangia mayai. Jioni walijitafutia wenyewe.

Hili la jioni lilimsumbua mama kuliko mnavyoweza kufikiri. Kwao, kumlaza mgeni bila kumpa chakula cha usiku ni aibu ya kusimuliwa hadi kwa wajukuu. Lakini Anti Thandi, dada yake baba, aliyeishi nasi na aliyekuwa amefanya kazi ya jikoni kwenye hoteli moja ya Sandton, alimwambia asijisumbue. Waingereza hawali vya watu, alisema. Wanakuja kupiga picha, halafu wanataka mayai.

“Mtu aliyepanda ndege kuja mpaka huku,” mama akamjibu, “leo atashindwa na wali?”

Anti akacheka. Mimi nilijua kicheko kile kilimchoma mama wapi. Tangu tuhamie, upishi wake ulikuwa jambo la utani pale nyumbani. Ndugu za baba walikula kwa heshima, wakasema nazi ni kitu cha kuweka kwenye keki, kisha wakaenda kununua nyama ya kuchoma. Huko Tanga watu walikuwa wakimwita mama wakati wa harusi aje kusimamia masufuria. Hapa alikuwa tu mke wa kigeni anayetia nazi kwenye kila kitu. Hivyo Bwana Keni na mkewe, Bi Morini, walipofika likizo mwezi wa Januari, wanene, wekundu, wenye adabu tele, mama alitangaza kwamba hawa atawapikia yeye chakula cha jioni, na wakikipenda ataandika kwenye kibao cha getini kwamba hapa kuna chakula cha jioni. Baba akasema tu, “Eish, mama Neema.” Neema ndiye mimi.

Mama alikuwa na sheria zake za mgeni. Mgeni hupewa kipande kizuri. Mgeni hatazamwi anapokula, maana ukimtazama mdomoni atadhani unamhesabia matonge. Na sahani ya mgeni ikirudi tupu kabisa, ujue hakushiba, kwa sababu aliyeshiba hubakisha kidogo. Sheria hizi nilizijua kabla ya kujua kusoma. Kiswahili chenyewe wakati ule nilikuwa nakisikia tu. Mama alisema Kiswahili, mimi nikajibu Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu.

Jioni ya kwanza alipika samaki wa kupaka. Nazi alizifuata kwenye maduka ya Wahindi kule Fordsburg, akazitikisa moja moja sikioni, akarudi akakaa juu ya ile mbuzi ya kukunia aliyotoka nayo Tanga ndani ya sanduku la nguo. Nyumba nzima ilinukia tui, ndimu na samaki aliyebabuka. Kwa kuwa mgeni hatazamwi, mimi ndiye niliyetumwa kupeleka sinia.

Bi Morini alinipokea kwa tabasamu, akafunga mlango, akafunua sahani. Nilimwona akimtazama samaki, na samaki akimtazama yeye. Nyuma yake mumewe alikuwa amekaa kitandani na mkebe wa maharage aliokuja nao kutoka kwao. Juu ya meza walikuwa wamepanga majani yao ya chai, biskuti zao, hata haradali yao.

“Tumbo la Keni halisafiri, mpenzi,” Bi Morini aliniambia kwa Kiingereza, polepole, kama anayeniomba msamaha. “Hata Uhispania tunatafuta mahali penye chipsi. Lakini mama yako kajitahidi sana, hatutaki kumuudhi. Wewe huli?”

Sasa nanyi niambieni. Nyumbani kwetu watoto walikula mwisho, na samaki mwenyewe akitufikia amebaki kichwa. Nilikaa chini nikala. Nilikula vipande vyote viwili, nikabakisha wali kidogo kama nilivyofundishwa. Bi Morini aliuona ule wali akashtuka. Kwao sahani ikibaki na kitu ni kumwambia mpishi kwamba chakula kilikuwa kibaya. Akachukua kijiko akakwangua, akanilisha mwenyewe mpaka ua la bluu lililochorwa chini likang’aa.

Mama alipopokea zile sahani alizigeuza mbele na nyuma. “Hawajashiba!” alisema, amejishika kichwa, na uso wake ulikuwa wa furaha tupu. Siku ya pili akaongeza kipimo. Pilau ya kuku ilirudi sahani safi. Akaongeza tena. Ukawa mchezo wa kuniua: yeye akitafuta mahali ambapo Waingereza watashiba wabakishe kidogo, Bi Morini akitafuta adabu ya sahani inayong’aa, na katikati yao tumbo langu mimi. Nikirudi jikoni sikuweza kugusa chakula changu. Mama akasema nina minyoo, akaninywesha dawa.

Lakini mngemwona mama siku zile! Alipika huku akiimba. Alimsimamisha Anti Thandi mlangoni akamwonyesha sahani, na Anti, ambaye si mtu wa kukubali kushindwa, akatingisha kichwa akasema sharp, yaani sawa, safari hii umenipata. Asubuhi Bi Morini alimshika mama mkono akamwambia chakula kilikuwa kitamu sana. Mama akanituma dukani nikanunue rangi ya kibao cha getini. Nikaenda mbio, nikijiona kwamba furaha yote ile naibeba mimi tumboni.

Kisha Bwana Keni akaanza kutapika.

Alitapika asubuhi nzima, na kuhara pia. Baba alimpeleka kwa daktari, akarudi naye amepauka. Daktari alisema ni kitu alichokula. Bi Morini alisimama jikoni kwetu, mikono ameikunja kifuani, akasema si kosa la mtu yeyote, pengine ni viungo tu ambavyo Keni hakuvizoea. Aliyasema kwa upole mkubwa. Nadhani alidhani anamfariji mama.

Alipokwenda yule, mama alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akaanza kupikia kichwani upya kila chungu. Samaki alikuwa na macho meupe? Nazi ile moja ilikuwa imechacha? Alikwenda kabatini akanusa bizari, akanusa iliki, akamwaga zote jalalani, na viungo vile alivileta kutoka kwao. Akapika uji mwepesi wa mchele, akaubeba mwenyewe mpaka mlangoni kwa wageni, akasimama hapo na bakuli hadi lilipopoa, hakuthubutu kubisha. Anti Thandi alisema, bila ubaya wowote, “Nilikwambia, wifi. Mayai tu.”

Siku iliyofuata Bi Morini alikuja jikoni kuomba maji ya moto. Baba alikuwepo, Anti alikuwepo. Mama akaacha alichokuwa akifanya, akapiga goti pale sakafuni kama wanavyofanya wanawake wa kwao wakiomba radhi, akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, “Nisamehe, dada. Nilitaka kukulisheni, nimekulisheni ugonjwa.”

Bi Morini alifungua mdomo. Nilimwangalia, namngojea aseme. Hakusema.

Nikasema mimi. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti, ili kila mtu asikie. “Lakini hakula! Hawajala hata siku moja. Nimekula mimi, chote, na mimi siumwi!”

Nilitegemea nini? Nitawaambia: nilitegemea kukumbatiwa. Nilikuwa nimemwondolea mama mzigo mbele ya watu, na kilichobaki ilikuwa kila mtu afurahi. Bi Morini aligeuka rangi ya nyanya. Anti alitazama dari. Mama aliinuka taratibu, akajifuta magoti, akaniuliza kwa Kiswahili, ili yule mgeni asielewe:

“Hata samaki?”

“Hata samaki.”

“Pilau?”

“Na pilau.”

“Hawakuonja? Hata kidogo tu, kwa ncha ya kijiko?”

Hapo ndipo nilipoanza kuona nilichofanya. Bado ningeweza kusema walionja. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa mtoto wa kusema kweli, nimeshaanza, nikamaliza. “Hawakuonja.”

Mama aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia Bi Morini, akachukua birika lake kutoka mkononi, akalijaza maji ya moto. “Sukari, dada?” akamuuliza.

Walipoondoka, Anti Thandi alikwenda kusafisha kile chumba, akatoka ameziba pua na mfuko wa supamaketi ameushika mbali na mwili. Ndani mlikuwa na pai za kuku, nyingine zimemegwa nusu. Kumbe ndizo walizokuwa wakila. Hawakutaka kuomba nafasi kwenye friji letu wasije wakajulikana, wakazificha kabatini, katika joto lile la Januari. Anti alicheka mpaka machozi. Alimletea mama ule mfuko kama zawadi: unaona, siyo wewe! Mama aliuangalia akasema haya, katupe. Akarudi kuosha vyombo.

Kibao cha getini hakikuandikwa kitu. Mbuzi ya kukunia ilipanda juu ya kabati, nazi ikawa ya Krismasi. Wageni waliofuata walipewa mayai, na mama aliyakaanga vizuri, na hakuna aliyelalamika. Baba alisema ni afadhali, amepumzika. Mimi nilifikiri hivyo hivyo kwa muda mrefu, kwamba nilimsaidia, na ule ubaridi uliokuwa ukinijia tumboni nikiona ile mbuzi ina vumbi nikauita minyoo.

Nimeshafika Uingereza, kwao Bi Morini, tangu wakati ule. Nilikaa likizo nzima, na sandukuni nilibeba unga wa ugali na chupa ya pilipili, nikawa najisongea kwa siri kwenye chumba cha kupanga, mlango nimeufunga, huku mwenye nyumba kule chini kaniandalia viazi na nyama ya kuchemsha. Kwa hiyo siwezi kuwachukia. Walikuwa na woga, hawakuwa na dharau, na woga wao waliufunika kwa adabu kwa kuwa ndivyo walivyolelewa.

Ila mama hakuniuliza kuhusu woga wao. Aliniuliza kama walionja. Nilikuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, nikisimama kwenye jiko langu mwenyewe. Kosa la chakula kibaya angeweza kuishi nalo, angepiga goti, angesamehewa, angenunua bizari mpya akapika tena. Mpishi aliyekosea bado ni mpishi. Mimi nilimwondoa kwenye kosa lile nikamweka mahali ambapo hakuna wa kumsamehe, kwa sababu hakuna aliyekula. Na ninaona hatia, ndugu zangu, ingawa nilisema kweli. Ninaona hatia hasa kwa lile jibu la mwisho.

Siku hizi mama amezeeka na ameanza kupika nazi tena, nikienda na marafiki zangu au na mume wangu. Humpakulia kila mtu, kipande kizuri kwa mgeni, kisha huvuta kiti akakaa mbele yetu, mikono mapajani, bila sahani. Anatazama. Anaufuata mkono kutoka kwenye wali mpaka mdomoni, anasubiri mtu atafune, na hageuzi macho mpaka ameona koo linameza. Marafiki zangu huguswa sana. Mama yako anavyopenda watu, huniambia, hata kula anasahau!

Mimi huinua kichwa, nikala polepole, midomo wazi kidogo, ili aone vizuri.