Saa ya Shangazi Yenye Majani

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hana saa. Ana mmea. Umetambaa kwenye nondo za dirisha la chumba chake cha kazi hadi kwenye bati, na maua yake ya zambarau, mfano wa tarumbeta, hufunguka alfajiri na kunywea adhuhuri. Yakifunguka, cherehani inaunguruma. Yakinywea, tunakula. Wateja wameshazoea kuambiwa, "Njoo maua yakilala."

Ndiyo maana jirani mmoja alipoleta gauni la harusi la binti yake lipunguzwe, hakuna aliyetaja saa.

"Ndoa ni mchana, fundi."

"Maua yakilala tu, gauni tayari."

Siku yenyewe ikaamka na wingu zito. Mimi nilikuwa likizo, kazi yangu kupiga pasi. Shangazi alishona kwa raha zake, huku akinimwagia umbea wa mtaa mzima. Tumbo likaanza kuninguruma. Nikachungulia dirishani: maua wazi, yametukodolea macho.

"Shangazi, mbona nina njaa hivi?"

"Una minyoo. Bado asubuhi."

Mara mlango ukapigwa teke. Mama bi harusi huyo, kilemba upande, na nyuma yake bi harusi mwenyewe, uso umepambwa, chini suruali ya kulalia.

"Fundi! Saa nane hii! Bwana harusi keshafika!"

Shangazi akanyoosha kidole dirishani. "Lakini maua..."

"Maua ndiyo yanaoa?"

"Haraka haraka haina baraka, dada yangu."

"Na polepole ya leo haina mume!"

Bi harusi akavishwa gauni, pindo linaning'inia. Tukajazana garini: mimi nashika pindo, Shangazi anashona, dereva anakwepa mashimo, bi harusi anapiga kelele kila tukitua shimoni. Kwenye picha ya kuingia ukumbini, Shangazi anaonekana nyuma ya bi harusi, amepiga magoti, anakata uzi kwa meno.

Mwalimu wetu wa biolojia alinieleza kwamba maua yale hufungwa na jua kali. Siku ya mawingu yanaweza kushinda wazi. Nilipomweleza Shangazi, alisema, "Si angekuja kusema mapema?"

Mama bi harusi akamletea saa ya ukutani, isiyo na kioo. Shangazi akaitundika palepale dirishani. Mmea nao ukaikumbatia, kikonyo kikaunasa mshale mfupi kwenye saa nne.

Jana nikamwambia nina njaa.

"Minyoo hiyo," akasema, akiionyesha saa kwa mkasi. "Hata hii inasema bado asubuhi."