Blanketi la Nyakundi

Nyakundi alikuwa jirani yangu miaka hamsini na miwili. Nyumba yake aliijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, na alizoea kusema mvua ya kuibomoa haijazaliwa. Ilizaliwa Aprili ile. Tulikuwa tunapeleka majani ya chai kituoni asubuhi mlima ukashuka. Nyumba, migomba na kaburi la mkewe vyote vikaenda mtoni.

Tuliopoteza makao tukapelekwa shuleni. Madarasa yasiyovuja yalikuwa mawili. Moja lilikuwa na watoto wa surua, nami nikiwauguza. La pili likajaa familia, na Nyakundi akaandikwa humo pamoja na Persis, mjane wa mwanawe Mose, na kitoto chake Ratemo cha miezi mitatu.

Sisi Wakisii tuna chinsoni, miiko ya heshima. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawalali chumba kimoja, hata mkono hawapeani. Persis akabaki barazani, mtoto mgongoni, mvua ikiwarukia.

"Mama, ingia. Mtoto anakohoa," Jacinta, afisa wa misaada aliyetoka mbali, akamwambia.

"Siwezi. Baba yuko ndani."

"Si ni baba yako?"

"Ndiyo sababu."

Jacinta akanigeukia akicheka. "Nyanya, haya mambo bado yapo?"

"Wewe umesoma mpaka wapi?" nikamwuliza. "Mimi niliishia la saba, lakini heshima siiulizi kama bado ipo."

Kicheko kikamwisha.

Nyakundi aliyasikia yote. Akakohoa kwanza mlangoni, kama alivyokohoa miaka yote akitaka kupita, ili Persis apate kusogea. Persis akageuza uso. Mzee akatoka na fimbo yake, akaniambia mimi kwa sauti ya kusikika:

"Mwambie mama Ratemo blanketi liko juu ya dawati. Mimi nina koti."

Akaenda kulala stoo ya kuni. Tulimsihi, Jacinta naye akamsihi kwa machozi, hakurudi. Siku ya tisa kifua kikamshika. Ya kumi na mbili akatutoka.

Tulimzika kwenye kipande cha shamba kilichobaki. Kabla jeneza halijafungwa, Persis alikuja akasimama mbali, akanipa lile blanketi, limefuliwa na kukunjwa.

"Mama, mwambie baba kwamba Ratemo hakohoi tena."

Nikainama, nikamwambia.