Klachi Mkono wa Kushoto

Kwa miaka minne niliendesha skuta ya mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu pale Tarime mjini, nikiwapelekea mafundi cherehani vitambaa. Skuta haina gia. Mkono wa kulia ukiongeza mafuta, inakwenda. Wa kushoto ukibana breki, inasimama. Niliendesha vizuri, tena nilijua kwamba naendesha vizuri.

Dhahabu ilipoonekana kwenye kilima cha ng'ambo ya Susuni, alikoolewa dada yangu mkubwa, bodaboda zote zilihamia huko kubeba wachimbaji, nauli ikawa haishikiki. Dada alikuwa mjane, akiwauzia wachimbaji chai na chapati. Aliomba duara, yaani shimo lake mwenyewe la kuchimba. Wazee wa kamati walikataa, wakasema mwanamke akikanyaga, dhahabu inakimbia. Alibishana nao mpaka wakachoka, wakamwandika kwa sharti la wote: Jumamosi asubuhi, jina lako likisomwa, uwe umesimama juu ya kipande chako. Hakuna kusimamiwa na mtu mwingine.

Goti lake lilikuwa bovu. Akaniita, akanikabidhi pikipiki ya marehemu mumewe. Ya gia.

Ilikuwa Jumatatu. Mtu mwingine angeomba kufundishwa. Mimi niliona aibu kuangushwa na pikipiki mbele za watu, nikajificha nayo nyuma ya zizi, na video za simu na daftari. Siku ile ile niliweza kuondoka na gia ya kwanza. Ya pili ikanishinda. Kila injini ilipozima nilianza yote upya, hata maelezo ya daftari niliyaandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi.

"Mura, si inatembea hiyo?" dada alisema Jumatano, akiniita kijana kwa Kikurya.

"Bado inazima, dada."

"Kwani unaenda kuoa nayo?"

Jumamosi alijiandaa mapema sana. Nikamwomba asubiri nizunguke zizi mara tatu bila kuzima. Mzunguko wa tatu ikazima. Nikaanza kuhesabu upya. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jua likapanda.

Tulipoondoka nilikuwa na haraka. Kwenye mteremko wa mtoni gia ya pili ikakubali, nikatia ya tatu kwa furaha. Ng'ombe wakajaa njiani. Mkono wangu wa kushoto ukabana kwa nguvu zote, kama ulivyozoea miaka minne. Lakini kwenye pikipiki ya gia kushoto ni klachi. Kwa kuibana nilikuwa nimeifungulia pikipiki iteremke. Tukaishia ndani ya mkonge.

Mzee mwenye ng'ombe akaja kututazama.

"Shikamoo," nilimwamkia nikiwa bado chini.

"Marahaba. Breki unayo?"

"Ninayo."

"Sasa ulikuwa unamwekea nani?"

Dada hakucheka. Alifunga goti kwa kitambaa cha kichwa, akashika njia kwa miguu, akichechemea. Mimi nilibaki nikipiga kiki, na pikipiki haikuwaka. Alipofika, jina lake lilikuwa limeshasomwa, na mwanamume mmoja aliyekuwa akivizia nafasi alikuwa amesimama juu ya kipande chake. Wazee walimwambia sharti alilijua. Baadhi yao, alisema, walishindwa kuficha furaha.

Jioni aliniuliza bila kupandisha sauti:

"Gia ya kwanza ulikuwa nayo tangu Jumatatu?"

"Ndiyo."

"Haifiki kilimani?"

Inafika. Ingenguruma njia nzima, watoto wangetupita wakikimbia na watu wangetucheka, lakini inafika. Nililijua hilo tangu Jumatatu. Nilichokuwa nakikimbia ni kicheko, si ajali, na nilimwacha akae juu ya ndoo kwa ajili hiyo.

Sasa nabadilisha gia bila kuwaza. Dada bado anapeleka chapati kilimani, mpaka ukingoni mwa duara lile, na yule mwanamume humpokea kwa heshima, humwita mama. Asubuhi nikimwambia apande nimpeleke, hujitwika beseni lake na kusema atatembea.