Mpiga Picha wa Bondeni Anayewafumbisha Watu Macho

"Mimi sijafa, Ephantus! Nitazame vizuri. Nimekufa mimi?"

Bi Wangu amesimama uani, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinua picha yake ili mtaa mzima uione. Majirani wametoka wote. Hapa Bondeni, mjini Nakuru, hakuna anayekubali kuja kusimuliwa ugomvi aliokuwa na nafasi ya kuuona.

"Hujafa, mama. Umefumba macho tu."

"Na maiti hufanya nini? Husoma gazeti?"

Watu wanaangua kicheko. Mpiga picha Ephantus Gachanja hacheki. Jumapili anataka kutundika kazi yake katika ukumbi wa mtaa: nyuso za majirani, nyeusi na nyeupe, zote zimefumba macho. Wangu akijitoa, nusu ya mtaa itajitoa, maana nusu ya mtaa hunywa chai kwake.

Riziki ya Ephantus ni picha za pasi. Mwaka huu wa 1957 kila mtu anahitaji pasi, kibali cha serikali cha kusafiria, naye hushinda karibu na stesheni na sanduku lake la mbao lenye miguu mitatu.

"Kwenye pasi mtu hukodoa macho kama ameshtakiwa," asema. "Serikali inataka macho, mimi naipa macho."

Kisha siku moja mfanyakazi wa reli alisinzia kitini. Picha ilipoibuka taratibu katika maji ya dawa, Ephantus aliona uso mwingine kabisa, laini, uliokwenda mbali. Tangu hapo, mtu akimaliza ya pasi, humwomba nyingine: fumba macho, nenda mahali unapopapenda, usiniambie ni wapi. Huondoa kifuniko cha lenzi, akangoja. Vumbi jeupe la ziwani huelea juu ya mabati, na hata wapiga domo hunyamaza.

Shida ni kwamba mtaani macho yaliyofumbwa ni picha ya matanga. Jamaa walio mbali hutumiwa sura ya marehemu, na anayeipiga ni Ephantus huyu huyu.

"Mtu akiniona ukutani, habari itafika Naivasha kabla ya treni," Wangu anafoka. "Binti yangu atakuja akilia njia nzima, anikute napepeta maharagwe!"

Cherono, muuza maziwa, anaichukua picha mkononi mwake. Anaiinamia kwa muda.

"Wangu, hapa ulikuwa umeenda wapi?"

Wangu anautoa mkono kiunoni.

"Kwa mama," anasema, sauti imeshuka. "Kule Subukia, kabla hatujaondoka. Ukungu ulikuwa umeingia hadi jikoni, naye anakoroga uji. Akaniambia, sogea motoni."

"Ndiyo maana umeinamisha shingo hivi. Unaota moto."

Wangu anairudisha picha karibu na uso wake, karibu sana, kama mtu anayenusa kitu.

"Iandikie chini," anaamuru hatimaye. "Andika: Yuko hai. Herufi kubwa, hata asiyevaa miwani aone."

"Nitaziandikia zote hivyo, mama."

Baada ya Jumapili, Ephantus anapanga kubeba sanduku lake hadi Naivasha, kisha Mai Mahiu, awafumbishe macho na wa huko.

"Na wewe ukifumba, huenda wapi?" Cherono anamuuliza.

"Mimi? Sijawahi kuketi. Nani atashika kifuniko?"

"Nitashika mimi," Wangu anasema, akisukuma mlango wake kwa kiwiko. "Lakini si kwa hayo mashavu yaliyobonyea. Irio ya viazi na mahindi iko mekoni. Ingia ule kwanza."