Isale Nililompelekea Mama

Nilipanda Meru siku ile kwa sababu moja tu: kumwomba mama radhi. Wiki moja kabla, hospitalini Arusha, daktari alituambia kwamba uvimbe kwenye titi lake ni saratani, ila tumewahi. Kwa kiherehere changu nikadakia, "Sawa daktari, mfanyieni upasuaji," mama hata hajafungua kinywa. Alinyanyuka, akajifunga kanga, akarudi kwake mlimani bila kuniaga.

Saa mbili asubuhi niliondoka kwangu Elerai, mjini. Tengeru nikachukua bodaboda, tukapanda katikati ya migomba na mibuni mpaka kwa jirani yetu wa mwisho, ambaye aliniruhusu nikate tawi la isale kwenye ua wake. Kwetu Wameru, mkosaji huja na isale mkononi, na aliyekosewa akilipokea, amesamehe. Sikuwahi kulibeba kabla ya siku ile.

Nyumbani nilimkuta mama akianika kahawa. Shikamoo yangu aliiitikia bila kunitazama. Nikapiga magoti, nikamnyooshea isale. Alinisubirisha hasa, kisha akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini kukatwa sijakubali. Bibi yako walimchoma uvimbe kwa chuma cha moto. Dada yangu wakamkata titi na nyama za kifuani, mkono ukamvimba mpaka siku anakufa. Mimi nitafanywaje, nani ameniambia?"

"Kamuulize daktari mwenyewe, mama. Mimi nitanyamaza."

Kesho yake tuliteremka mjini, nami nikanyamaza kweli, jambo ambalo ndugu zangu hawaliamini mpaka leo. Daktari, mama wa Kihindi mzaliwa wa Arusha, alisogeza kiti karibu na mama. Akamweleza kwamba enzi za dada yake madaktari waliamini kuwa wakikata nyama nyingi zaidi ugonjwa hautarudi. Baadaye wakagundua kwamba kwa wagonjwa wengi inatosha kutoa uvimbe peke yake, kisha kupiga mionzi pale ulipokuwa. Siku hizi hata kipande cha uvimbe hupimwa kwanza, ijulikane dawa ipi itaufaa. Cha mama kilionyesha kwamba vidonge vingemsaidia. Mama aliuliza maswali mpaka wagonjwa waliosubiri nje wakaanza kukohoa. Mwishowe akasema, "Basi, nimekubali." Nililia hapohapo, sikuona haya.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya upasuaji mdogo, safari za mionzi na uchovu mwingi. Nawashukuru wauguzi waliokuwa wakimweleza kila sindano kabla ya kumchoma.

Jumapili ya kurudi mlimani, mama alitoa shukrani kanisani, mkungu wa ndizi kichwani, na mkono wake haukuvimba kama wa dada yake. Tulipofika nyumbani nilikuta isale langu limechipua kando ya mlango. Kumbe alilipanda siku ileile. Akakata tawi, akanishika mkono, tukaenda mpaka kwenye kaburi la mama mkubwa nyuma ya migomba.

Nimejifunza kumuuliza mgonjwa kwanza. Nilidhani mama ndiye aliyenifundisha kwa hasira zake, kumbe alikuwa na deni lake la miaka mingi. Alipiga magoti taratibu, akalichomeka tawi kwenye udongo.

"Siku ile dada hakuulizwa," akasema. "Mimi ndiye niliyemjibia kwa daktari."